Tovuti, Blogu na Mtandao: Uhakiki wa Istilahi za Mfumo wa Tovuti Nyingi

Utangulizi

Ofisi za istilahi zimezoea kupelekewa maneno katika orodha. Upande wa kushoto huandikwa neno la kigeni, na upande wa kulia huachwa nafasi tupu. Mletaji huomba nafasi ile ijazwe, tena ijazwe upesi. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha, kwa kuichambua fani moja tu, kwamba orodha ya namna hiyo haitoshi. Mara nyingine neno lililoko upande wa kushoto lenyewe lina kasoro, na mfasiri anayelifuata neno badala ya kuifuata dhana huihamishia kasoro hiyo katika Kiswahili, pengine hata kuizidisha.

Fani tuliyoichagua ni ile ya kuanzisha tovuti nyingi ndani ya mfumo mmoja wa kusimamia maudhui. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, wizara, halmashauri, vyuo na shule aghalabu huhitaji tovuti zaidi ya moja, na watumishi wanaopewa kazi hiyo si mafundi wa kompyuta sikuzote. Wengi wao ni makarani, walimu na maofisa habari. Pili, manung'uniko yao hufanana. Mtumishi hufuata maelekezo hatua kwa hatua, na bado jambo alilolitarajia halitokei. Au hutokea jambo jingine ambalo hakulitaka. Tunakusudia kuthibitisha kwamba sehemu kubwa ya usumbufu huo inatokana na majina.

Mfumo tutakaoutolea mifano ni WordPress, kwa kuwa umeenea sana na kwa kuwa historia ya majina yake inafahamika.

Dhana yenyewe

Kabla ya kuyahukumu majina yatupasa kuielewa dhana. Tuchukulie wizara yenye vyuo sita, ambayo imeamua kwamba kila chuo kiwe na tovuti yake, pamoja na tovuti ya wizara yenyewe. Kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni kuusimika mfumo mara saba. Kila tovuti itakuwa na mafaili yake, hifadhidata yake na watumiaji wake. Na kila toleo jipya la mfumo litakapotolewa, kazi ya kulisimika itarudiwa mara saba. Njia ya pili ni kuusimika mfumo mara moja tu, kisha kuufanya uzibebe tovuti zote saba. Njia hii ya pili ndiyo tunayoizungumzia.

Katika njia ya pili vitu vingine huwa vya shirika na vingine huwa vya kila tovuti peke yake. Mafaili ya mfumo ni ya shirika. Mafaili ya programu-jalizi na ya mandhari ni ya shirika. Orodha ya watumiaji nayo ni ya shirika, kwani yote imo katika jedwali moja. Lakini maandiko, kurasa na mipangilio ni ya kila tovuti, na kila tovuti hutengewa majedwali yake yenye namba: maandiko ya tovuti ya pili hukaa katika jedwali liitwalo wp_2_posts, ya tatu katika wp_3_posts, na kuendelea.

Mfano wa dhana hii tunao katika mitaa yetu, nao ni nyumba ya kupanga. Paa ni moja, ua ni mmoja, bomba ni moja. Lakini kila mpangaji ana chumba chake na kufuli lake. Mpangaji hawezi kubomoa ukuta wala kuongeza dirisha bila ya idhini ya mwenye nyumba. Hali kadhalika, katika mfumo huu msimamizi wa tovuti ya chuo kimoja hawezi kusimika programu-jalizi mpya. Uwezo huo anao msimamizi mkuu peke yake. Mtumishi aliyewahi kusimamia tovuti iliyo peke yake, akihamia katika mfumo huu, hushangaa kuona vitufe alivyovizoea vimetoweka. Hudhani kwamba mfumo umeharibika. Kumbe amehama kutoka nyumba yake na kuingia katika chumba cha kupanga, na hapana neno lolote mbele yake linalomwambia hivyo.

Jina lililoshuka ngazi

WordPress ilitolewa kwa mara ya kwanza Mei 2003, na waanzilishi wake walikuwa Matt Mullenweg na Mike Little. Ilikuwa ni chombo cha kuandikia blogu. Baadaye lilichipuka tawi lake lililoitwa WordPress MU, herufi hizo mbili zikiwa ni kifupi cha maneno yenye maana ya watumiaji wengi. Tawi hilo liliwezesha blogu nyingi kukaa katika mfumo mmoja. Juni 2010, katika toleo la 3.0, tawi liliunganishwa na shina, na uwezo huo ukapewa jina lenye maana ya tovuti nyingi.

Hapo ndipo penye kiini cha uhakiki wetu. Katika tawi la zamani, kitu kimoja kimoja kiliitwa "blog", na mkusanyiko wa vitu hivyo uliitwa "site". Baada ya kuunganishwa, kitu kimoja kimoja kikaitwa "site", na mkusanyiko ukaitwa "network". Kwa hiyo neno "site" lilishuka ngazi moja: jana lilikuwa jina la nyumba nzima, leo ni jina la chumba.

Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu ya haki, kwani tovuti ya chuo si blogu. Lakini yalifanywa juu tu, katika kurasa za usimamizi. Chini, katika hifadhidata na katika msimbo wa programu, majina ya zamani yaliachwa yalivyokuwa. Jedwali linaloorodhesha tovuti bado linaitwa wp_blogs. Jedwali linaloorodhesha mikusanyiko bado linaitwa wp_site. Na katika lile jedwali la wp_blogs imo safu iitwayo site_id, ambayo msomaji wa leo angeapa kwamba ina namba ya tovuti, ilhali ina namba ya mkusanyiko. Kadhalika, amri ya get_site_option huleta mpangilio wa mkusanyiko mzima, na ile inayoleta mpangilio wa tovuti moja ni get_blog_option.

Waundaji wa mfumo hawakulifumbia macho jambo hili. Tangu toleo la 4.4 la mwaka 2015 wamekuwa wakiongeza amri mpya zenye majina yanayolingana na dhana, kama vile get_network_option. Lakini hawakuweza kuyafuta majina ya zamani, kwa kuwa programu-jalizi nyingi zilikwisha kuandikwa kwa kuyategemea. Matokeo yake ni kwamba majina ya zamani na mapya yanakaa pamoja, nalo neno moja lina maana mbili katika faili moja.

Yawezekana msomaji akasema: hayo ni mambo ya mafundi, mtumishi wa kawaida huona kurasa za juu tu, basi yanamhusu nini? Hoja hii ingekuwa na uzito kama mtumishi angeachwa huko juu. Lakini mfumo wenyewe humlazimisha kushuka. Ili kuwezesha tovuti nyingi, sharti afungue faili la wp-config.php na kuandika humo, kwa mkono wake, mstari unaoruhusu jambo hilo. Kisha hupewa mistari mingine ya kunakili. Miongoni mwayo mmoja hutaja SITE_ID_CURRENT_SITE na kuupa namba 1, na mwingine hutaja BLOG_ID_CURRENT_SITE na kuupa pia namba 1. Wa kwanza ni namba ya mkusanyiko. Wa pili ni namba ya tovuti ya kwanza. Kwa kuwa zote mbili ni 1, anayezichanganya hapati madhara siku hiyo. Madhara huja siku atakapotaka kuhamisha, kutenganisha au kurekebisha, na wakati huo hatakumbuka chanzo chake.

Jina la zamani hutokeza hata mbele ya macho ya umma. Pale tovuti za mkusanyiko zinapotofautishwa kwa maneno yanayofuata baada ya kikoa, mfumo huingiza neno "blog" katika anwani za maandiko ya tovuti ya kwanza, ili anwani hizo zisigongane na majina ya tovuti nyingine. Wizara iliyotoa tangazo rasmi hukuta tangazo hilo katika anwani inayoliita blogu.

Maradhi ya neno "mtandao"

Sasa tuje kwa mfasiri wa Kiswahili. Amepewa neno "network", naye bila kusita ameandika mtandao. Kwa upande wa kamusi hajakosea. Lakini hebu tutazame neno mtandao linabeba mizigo mingapi. Twasema mtandao wa barabara na mtandao wa reli. Twasema mtandao wa simu, tukimaanisha kampuni na minara yake. Twasema mitandao ya kijamii. Twasema habari imo mtandaoni, tukimaanisha intaneti. Na katika mazungumzo ya kila siku wapo wasemao "ingia katika mtandao wa wizara", wakimaanisha tovuti ya wizara.

Matumizi hayo yote yana asili moja, yaani kutanda, na katika mazungumzo hayana ubaya. Lakini yakiletwa katika ukurasa wa usimamizi hudhuru. Kitufe kilichoandikwa "Washa mtandao" mtumishi atakielewaje? Aghalabu atafikiri kwamba kinahusu intaneti kukatika. Cheo cha "Msimamizi wa Mtandao" nacho, katika ofisi nyingi, tayari ni cheo cha fundi anayeshughulikia nyaya na mitambo ya kuunganisha kompyuta. Kumpa karani anayesimamia tovuti saba jina hilohilo ni kuwachanganya watu wawili wenye kazi mbili tofauti.

Twaona basi jinsi kasoro inavyozidi. Katika Kiingereza neno "site" lilishuka ngazi moja, kutoka mkusanyiko hadi kitu kimoja. Katika Kiswahili, kwa kutumia mtandao bila ya kuuwekea mipaka, neno moja litabeba ngazi tatu kwa wakati mmoja: intaneti yote, mkusanyiko wa tovuti, na tovuti moja.

Maneno mengine yanayopotosha

Mbali na hayo makuu, yapo maneno mengine manne ambayo tafsiri yake ya haraka huleta hasara.

La kwanza ni tovuti kuu. Jina hili hutolewa kwa tovuti iliyoanzishwa mwanzo. Katika desturi yetu ya utumishi, ofisi kuu ndiyo inayotoa waraka, na ofisi ndogo huupokea. Mtumishi hubandika tangazo katika tovuti kuu na kungoja lionekane katika tovuti zote sita za vyuo. Halionekani, wala halitaonekana, kwani maandiko ni ya kila tovuti peke yake. Tovuti hiyo ni ya kwanza kwa namba tu, na hapana maudhui yanayotiririka kutoka kwake.

La pili ni saraka ndogo. Hiyo ndiyo tafsiri inayotumika pale ambapo anwani ya chuo huandikwa baada ya kikoa cha wizara, kufuatana na mkwaju. Mtumishi aliyeambiwa kwamba tovuti ya chuo imo katika saraka ndogo huenda kuitafuta saraka hiyo ndani ya seva. Haipo. Anwani ile hufasiriwa na mfumo wakati wa kuombwa, na hapana folda yenye jina la chuo. Akiitengeneza folda hiyo kwa mkono, akidhani kwamba imesahauliwa, aweza kuizuia tovuti isifunguke kabisa.

La tatu ni kitenzi washa. Mfumo una vitendo viwili vinavyofanana kwa sura. Programu-jalizi ikiwashwa kwa mkusanyiko mzima, huanza kufanya kazi katika tovuti zote, na msimamizi wa chuo hawezi kuizima. Mandhari nayo, ikitendewa jambo linaloelekea kufanana na hilo, haianzi kutumika popote. Huwekwa tu katika orodha ambayo kila tovuti yaweza kuchagua. Kiingereza kimetenganisha vitenzi viwili. Mfasiri akivifanya kimoja ameondoa tofauti iliyokuwapo.

La nne ni kufuta. Msimamizi wa tovuti moja akimwondoa mtumiaji, mtu huyo hupoteza nafasi yake katika tovuti hiyo, lakini akaunti yake hubaki katika orodha ya shirika. Kuifuta akaunti yenyewe ni kazi ya msimamizi mkuu. Tofauti hii ni ya usalama: mtumishi aliyeacha kazi chuoni, na ambaye chuo kinaamini kwamba amefutwa, bado ana nywila inayofanya kazi. Tovuti nazo zina mkanganyiko wa namna hii. Kwa miaka mingi kitufe kilichoandikwa neno la kuzima tovuti kilikuwa kikibadilisha safu iitwayo "deleted", yaani imefutwa, ingawa majedwali ya tovuti hiyo yote yalikuwa salama.

Neno moja, mifumo miwili

Yapo pia madhara yanayotokana na kulinganisha mifumo. Drupal nayo hutumia istilahi yenye maana ya tovuti nyingi. Lakini katika Drupal, mpango huo kwa kawaida humaanisha kwamba mafaili ya mfumo ni ya shirika, na kila tovuti ina hifadhidata yake, hivyo pia watumiaji wake. Mipangilio ya kila tovuti hukaa katika folda yake ndani ya saraka iitwayo "sites", na hapo folda ni folda kweli. Ofisa aliyezoea mfumo mmoja akisoma maelekezo ya mwingine hukuta neno lilelile, naye hudhani amekwisha kuielewa dhana.

Kwa sababu hii, istilahi ya tovuti nyingi pekee haimwelezi mtu lolote la kumfaa kazini. Swali la mwanaistilahi, na la ofisa anayeandika mahitaji ya zabuni, liwe hili: ni nini cha shirika, na ni nini cha kila tovuti? Mkataba usiojibu swali hilo utazaa ugomvi, hasa siku chuo kimoja kitakapotaka kujitenga na kuondoka na tovuti yake. Katika WordPress jambo hilo ni gumu, kwa kuwa watumiaji wamo katika jedwali la wote.

Yasiyotibika kwa majina

Haki inatudai tuseme pia kwamba si kila usumbufu hutokana na lugha. Anayetaka kila tovuti iwe na kikoa kidogo chake hana budi kuhakikisha kwamba kumbukumbu za kikoa zinaelekeza majina hayo yote kwenye seva, na kazi hiyo hufanyika nje ya mfumo. Anayejifunza katika kompyuta ya mezani kwake, bila ya kikoa, hulazimishwa kutumia njia ya mkwaju. Na mfumo uliokwisha kutumika zaidi ya mwezi mmoja kwa kawaida humnyima mtu njia hiyohiyo, kwa kuchelea anwani zilizokwisha kuwapo zisigongane na mpya. Vilevile, tangu toleo la 4.5 la mwaka 2016 kila tovuti yaweza kupewa kikoa chake kamili bila ya programu-jalizi ya ziada, lakini mtumiaji aliyeingia katika kikoa kimoja aweza kutakiwa kuingia tena katika kingine, kwa kuwa kivinjari hutunza kuki za kila kikoa mbalimbali.

Hayo hayatatatuliwa na istilahi. Lakini mtumishi mwenye majina sahihi huweza angalau kumweleza fundi tatizo lake kwa sentensi moja, na fundi akamwelewa. Hiyo ni faida isiyofaa kudharauliwa.

Mapendekezo

Tunapendekeza maneno yafuatayo, kila neno pamoja na maana yake.

Kundi la tovuti: tovuti zote zinazobebwa na mfumo mmoja uliosimikwa mara moja. Neno mtandao lisitumike kwa dhana hii.

Tovuti: kitu kimoja kimoja ndani ya kundi, chenye maandiko na mipangilio yake. Neno blogu libaki kwa shajara au makala yanayochapishwa kwa mfululizo wa tarehe, na lisitumike kwa tovuti kwa ujumla.

Tovuti ya kwanza: tovuti iliyozaliwa pamoja na kundi. Jina la tovuti kuu liepukwe.

Msimamizi wa kundi: mwenye uwezo wa kusimika, kuruhusu na kufuta kwa ajili ya tovuti zote. Atofautishwe na msimamizi wa tovuti.

Tovuti kwa kikoa kidogo na tovuti kwa mkwaju: namna mbili za kuandika anwani. Saraka itajwe pale tu saraka ilipo kweli.

Washa kwa kundi na ruhusu kwa kundi: la kwanza kwa programu-jalizi, la pili kwa mandhari.

Ondoa na futa: la kwanza kwa kumtoa mtumiaji katika tovuti moja, la pili kwa kuitokomeza akaunti.

Twajua litatolewa pingamizi kwamba mtandao limekwisha kuzoeleka na kwamba kulipiga vita ni kazi bure. Hatulipigi vita. Wananchi na waendelee kusema mtandaoni na mitandao ya kijamii. Tunachoomba ni kwamba katika kurasa za usimamizi na katika vitabu vya mafunzo, ambako neno moja likikosewa kazi husimama, itumike istilahi yenye maana moja.

Hitimisho

Kwa wafasiri, rai yetu ni kwamba wasikubali orodha isiyo na maelezo ya dhana. Kwa walimu wanaofundisha masomo ya kompyuta, tunashauri waanze na swali la vitu vya shirika na vitu vya kila tovuti kabla ya kufundisha vitufe. Kwa watumishi wa Serikali, tunaomba wanapokwama watuletee sentensi nzima waliyokwama nayo, maana neno likitengwa na sentensi yake huficha maradhi yake.

Waundaji wa mfumo tuliouhakiki walibadilisha majina mwaka 2010, na hadi leo hawajaweza kuyang'oa yale ya awali. Sisi katika Kiswahili bado tuna nafasi, kwa kuwa istilahi zetu za fani hii hazijaota mizizi mirefu. Tukizirekebisha sasa, gharama yake ni karatasi na kikao kimoja. Zikishaingia katika vitabu, mikataba na mazoea ya ofisi, itatulazimu kuishi nazo kama walivyolazimika wao.